Nyumba ya mnada Ng'ambo, naikatiaje bima hati?

SWALI: Shikamoo mhariri, kuna nyumba ya mkopo wa benki inapigwa mnada hapa Ng'ambo, Tabora, shemeji yangu yuko Marekani anasema nikate bima ya hati ya umiliki kwanza, huku ipo kweli?

JIBU: Marahaba. Kule Marekani bima hiyo unailipia mara moja tu ukinunua, inakukinga na madai ya zamani yaliyojificha, ila deni ulilolijua ukanyamaza halimo. Huku usiitegemee kabisa ndugu yangu, nenda kafanye upekuzi kwa msajili wa hati uone jina la nani na rehani gani imesajiliwa, alafu ulizia kama mke au mume aliridhia ile rehani na kama mdaiwa alipewa notisi ya siku 60 ya kulipa deni, hapo ndo kesi zinapoanziaga. Na kapige hodi uone nani anaishi mle, kabla hujataja bei!