Uliza Anti: Uzunguni ilipangwa au ilitokea tu?

*Shikamoo Anti. Mimi ni dada wa kazi hapa Masaki, kwetu Tandika. Kila asubuhi nikishuka kwenye daladala napigwa na upepo wa bahari na ndege wanalia mitini, jioni nikirudi kwetu hata pa kuanika nguo tunagombania. Bibi yangu huku kote Oysterbay na Masaki anapaita uzunguni mpaka leo, na mabosi wengi ni waswahili wenzetu. Naomba kujua, hii ilitokea tu au kuna watu walikaa wakapanga? Binti wa Tandika*

Marahaba mwanangu. Walikaa wakapanga.

Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891, mwaka huohuo wakatoa sheria ya ujenzi ikaugawa mji mafungu matatu. Waingereza wakaurithi mgawanyo ule na mwaka 1924 wakaupanga upya, zoni ya kwanza nyumba za aina ya Kizungu tu, ya pili nyumba za kuishi na za biashara, ya tatu nyumba za wenyeji. Sasa soma vizuri hapo, sheria inataja aina ya nyumba, haitaji rangi ya mtu. Lakini kuli wa bandarini anayelipwa visenti atatoa wapi nyumba ya mawe yenye paa la vigae? Yani bila kuandika popote kwamba mwafrika hakai hapa, mwafrika hakai. Ndo yakazaliwa haya majina bibi yako anayoyatumia, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na waafrika wakawekwa Kariakoo halafu katikati pakaachwa uwanja mtupu, ile Mnazi Mmoja tunayoijua, sababu waliyoitoa ni afya, eti magonjwa yasivuke kwenda kwa wazungu.

Oysterbay yenyewe wakati huo iko mbali, ng'ambo ya Msimbazi, wazungu bado wanakaa karibu na Ocean Road. Kilichoifungua ni daraja la Selander la mwaka 1929, lina jina la mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika enzi za Waingereza. Gari zikaanza kuvuka, basi miaka iliyofuata maofisa wakahamia ufukweni kwenye ploti kubwakubwa. Wavuvi wa Msasani walikuwepo zamani sana kabla ya hayo yote, hilo watu wanalisahau wakisema huku kulikuwa pori.

Halafu mwaka 1949 ukaja mpango mkuu wa mji, uliandaliwa na kampuni ya Alexander Gibb ya Uingereza, nao ukaweka maeneo ya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, yani nyumba chache kwenye ploti kubwa mpaka nyumba nyingi zilizobanana. Yale maneno Kizungu na wenyeji yameondoka, watu ni walewale mahali ni palepale. Na mpaka leo nenda ofisi ya ardhi kaulizie kiwanja, utaulizwa unataka cha ujazo gani. Kwa hiyo mwanangu ule upepo ni wa Mungu, ila nani aupate na nani abanane hilo lilichorwa kwenye karatasi na binadamu. Tandika mnabanana siyo kwa sababu hamjui kuishi.

Niongeze kitu ambacho sikioni kwenye vitabu vingi. Mimi nimezaliwa Oysterbay, lakini kwa nyuma. Baba alikuwa shamba boi, tukikaa boi kota, na kama hujawahi kuiona vizuri we siku ukipata nafasi itazame. Nyumba ya mbele ina veranda pana, dari iko juu, madirisha makubwa ya wavu kila upande ili upepo uingie huku utokee kule. Boi kota ipo mwisho wa ploti karibu na ukuta, chumba kimoja au viwili, dirisha dogo, na mlango wetu ulikuwa umeelekea ukutani, umeupa mgongo mlango wa jikoni wa bosi. Mchoraji alifikiria mpaka hapo, kwamba bosi akinywa chai asituone tukipika ugali. Ile miti unayoisifia ilimwagiliwa na watu wa vyumba vile, nyasi zilikatwa kwa fyekeo na baba zetu, na watoto wa nyumba za mbele walibebwa mgongoni na mama zetu. Historia ya mtaa ni ya kwao pia, na wewe unayeshuka daladala asubuhi umo ndani yake.

*Anti salaam. Mimi ni mstaafu wa serikali, nilikaa kota Oysterbay miaka ya 80. Juzi nimepita nyumba niliyolelea wanangu haipo, pamesimama ghorofa. Vijana wanadhani huku kulikuwa kwa matajiri siku zote, waeleweshe. Mzee wa Kota*

Salaam mzee wangu, pole, najua inavyouma.

Vijana, baada ya Uhuru 1961 wazungu wengi waliondoka na nyumba nyingi za Oysterbay zikawa za serikali, wakaingia makatibu wakuu, majaji, madaktari, maofisa. Uzio wa rangi ukavunjika ukabaki wa cheo. Lakini cheo cha wakati ule siyo pesa, maana Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Ofisa anakaa nyumba ya vyumba vinne mbele ya bahari na nyuma ana kuku na mchicha, mshahara hautoshi, tena sukari anapanga foleni kama mtu wa Manzese. Mwalimu Nyerere mwenyewe nyumba yake ilikuwa Msasani, jirani na wavuvi.

Miiko ile ya viongozi ililegezwa na chama tawala, CCM, mwaka 1991 kule Zanzibar, na hapo ndo mtaa ulibadilika sura kwa kasi. Kupangisha ikawa ruksa, balozi na mashirika ya nje yanatafuta nyumba, kodi inatajwa kwa dola. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya awamu ya tatu, ya Rais Mkapa, ikaamua kuwauzia watumishi nyumba za serikali. Ugomvi wake mnaukumbuka, ulifika bungeni na haujaisha midomoni mwa watu hadi leo. Msimamo wangu nausema wazi, sikuupenda uamuzi ule. Simlaumu mtumishi aliyepewa nafasi ya kununua akanunua, mtu yeyote angenunua, ila ardhi ile ilikuwa yetu sote na ikishatoka hairudi, mtumishi wa kesho aliyetoka Tandahimba atapangiwa wapi? Walionunua wengi wao waliuza au waliingia ubia na mwenye mtaji, bangaloo moja inavunjwa yanapanda maapatimenti ghorofa kumi.

Na uzio wa tatu sasa ni huu wa pesa. Kuta zimepanda, juu nyaya za umeme, geti kali, mlinzi kwenye kibanda. Ulinzi uliongezeka sana baada ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulikuwa hapa hapa Oysterbay barabara ya Laibon, likalipuka lile bomu wakafa watu 11, ubalozi ukahamishiwa Msasani. Utoto wetu fensi ilikuwa ya michongoma, tulikuwa tunapenya.

Kingine mzee wangu, ploti ikishazibwa zege mpaka mwisho maji ya mvua hayana pa kuzama. Yanateremka kwa majirani, waulize watu wa Bonde la Mpunga pale Msasani wanavyoamka usiku masika kupandisha magodoro juu ya meza. Jina la mahali linakwambia kabisa ni bonde, na ni la mpunga. Hilo linanikera kuliko ghorofa lenyewe.

*Anti kwa nini barabara za huko zina majina ya marais wa nje? Dereva Bajaji*

Kwa sababu ya ukombozi wa Afrika, mdogo wangu. Toure Drive ni Sékou Touré wa Guinea, Kaunda ni wa Zambia, Kenyatta unamjua, na Haile Selassie ni mfalme wa Ethiopia. Ni kizazi kilichotaka mtaa wa mkoloni utamkwe kwa majina ya waafrika. Barabara nyingine za huku, Kimweri ni jina la watawala wa Usambara, na Chole ni kisiwa cha kule Mafia.

*Anti, mwalimu wetu wa sanaa kasema picha za tingatinga zilianzia Oysterbay kwa matajiri. Mbona haziko kitajiri? Mwanafunzi, kidato cha 3*

Swali zuri sana hili. Mwalimu yuko sahihi kuhusu mahali, ila matajiri walikuwa wanunuzi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akafanya kazi mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar akawa mfanyakazi wa nyumbani kwa ofisa mmoja wa Kiingereza. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hana turubai, anachora kwenye vipande vya hadibodi za mraba, zile za mafundi ujenzi, rangi ni hizihizi za mafuta za kupaka baiskeli, ndo maana picha zinang'aa vile na chui anakuwa mnene anajaza ubao wote. Zilikuwa zinauzwa nje ya Morogoro Stores, duka walikofanyia manunuzi wazungu wa Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani ni mhalifu akafa, alichora miaka minne tu. Vijana aliowafundisha, wengi ndugu na watu wa kwao kusini, wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao.

Bado wapo. Panda daladala ya Masaki, ulizia Morogoro Stores, utawakuta wamekaa chini na makopo ya rangi, mmoja anaweka madoa ya chui mwingine majani. Kuangalia ni bure, wasalimie tu vizuri. Ukitoka hapo Coco Beach ni karibu unatembea kwa mguu, muhogo wa kukaanga na pilipili upo, na ufukwe ule ni wa kila mtu, kaeni mpaka jua lizame.