Zima Sauti, Shika Kauntabuku: Nilivyojifunza Dokumentari Nikiwa Dodoma

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Itigi ameniandikia. Kaanza na "Shikamoo dada", kisha kaingia moja kwa moja kwenye shida yake: ameiona filamu yangu ya zabibu, naye anataka kutengeneza dokumentari ya warina asali wa kwao, ana akiba ya laki kadhaa, je, anunue kamera gani? Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lenyewe limenikaa. Ninyi mnaonisoma mnaniuliza hilo hilo kila mara. Najua wote mna filamu kichwani, na najua wote mmeanzia dukani kwenye kamera. Leo najibu kwa kirefu.

Simu uliyonayo inatosha kuanzia. Akiba yako nunulia maiki ya kubana kwenye nguo, na ukipita stationeri chukua kauntabuku nene. Hiyo kauntabuku ndiyo shule yenyewe.

Mimi sikupita chuo chochote cha filamu. Nilianza kwa kupiga video za harusi na sendofu hapa mjini, Area C, Chang'ombe, Kizota, na wakati mwingine hadi Kongwa na Mpwapwa. Kazi ile naiheshimu sana. Imenifundisha kuwahi tukio lisilorudiwa, maana bibi harusi humwambii atoke aingie tena ukumbini kwa sababu wewe ulikuwa unabadilisha betri. Lakini nilikuwa na wazo la mama mmoja mkulima wa zabibu kule Mpunguzi. Nililiandika wazo hilo vizuri, nikalipeleka kwenye taasisi moja iliyokuwa na fedha za kazi za namna hiyo. Bwana aliyenipokea alisoma ukurasa wa kwanza, akainua macho, akasema, "Si wewe uliyepiga harusi ya shemeji yangu?" Akafunga faili.

Kazi wakapewa watu waliokuja na droni. Walikaa siku mbili. Walipiga mashamba kutoka angani, wakamsimamisha mkulima mmoja mbele ya mzabibu wakamhoji, wakaondoka. Nimeitazama filamu yao mwanzo hadi mwisho. Picha ni safi, lakini mtu humwoni. Unamaliza hujui yule mkulima anaishi na nani, anaamka saa ngapi, anaogopa nini. Mpaka leo linaniuma, sifichi, na nguvu nyingi niliyofanyia kazi yangu ilitoka kwenye maumivu hayo.

Nilichofanya ni kuchagua dokumentari chache nzuri na kuzirudia mpaka nikajua kila picha imewekwa pale kwa sababu gani.

Ya kwanza ilikuwa ya Mtanzania mwenzetu, Flora M'mbugu-Schelling. These Hands aliitoa mwaka 1992, dakika 45 za wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wanaoponda mawe kuwa kokoto kwenye machimbo nje ya Dar es Salaam. Hamna sauti ya msimulizi inayokueleza kwamba maisha ni magumu. Kuna mikono na kuna mawe, na picha inakaa, inakaa, mpaka wewe mtazamaji unaanza kuhisi uzito kwenye mabega yako. Mimi niliyezoea kuzungusha kamera ukumbini kama vile ikisimama itaharibika, filamu ile ilinibadilisha kabisa.

Namna ya kutazama ni hii. Mara ya kwanza tazama kama mtu wa kawaida, lia kama kuna cha kukuliza. Mara ya pili zima sauti kabisa. Kila picha inapobadilika, simamisha, andika: imekaa sekunde ngapi, ni ya mbali, ya kati au ya karibu, kamera imetulia au inatembea, mwanga unatoka upande gani. Halafu weka safu moja ya mwisho: sasa nimejua nini ambacho picha iliyotangulia haikuniambia? Mara ya tatu geuza kompyuta iangalie ukutani, usikilize tu. Ni kazi ya fundi anayefungua injini na kupanga kila nati kwenye gunia kwa mpangilio, ili ajue kila moja inarudi wapi. Inachosha. Dakika kumi za filamu zinaweza kukulia jioni nzima. Ila ukimaliza filamu moja kwa namna hiyo, nakuhakikishia hutazami tena kama ulivyokuwa unatazama.

Ile safu ya mwisho ndiyo iliyonipeleka Mpunguzi nikiwa na mpango badala ya hamu tu. Niliona kwamba filamu nzuri haionyeshi "kilimo". Inaonyesha kitendo kimoja, kutoka kinapoanza mpaka kinapoisha. Nikachagua kupogoa, yaani kukata matawi ya mzabibu ili uchipue upya. Nikaandika picha zangu kabla sijagusa kamera: mikono na mkasi kwa karibu, uso wa mama akichagua jicho la kubakiza, pale kwenye tawi chipukizi linapotokea, yeye kwa mbali, mdogo, katikati ya mistari ya mizabibu iliyokauka, kisha kutoka nyuma ya bega lake ili tuone anachokiona yeye. Nikaacha nafasi ya picha moja nisiyoijua bado.

Hiyo picha ilijileta. Ukimtazama mtu anapogoa ukiwa umesimama barabarani utaona anakata vijiti vikavu, basi. Sogea. Mkasi unabana, kijiti kinaanguka, halafu pale kwenye mkato linajikusanya tone la maji, jeupe, linaning'inia, linadondoka, na jingine linatokea nyuma yake. Mama akasema bila hata kugeuka, "Likitoka maji ujue mti uko hai." Ndiyo picha inayofungua filamu yangu. Nisingeiona kama ningekuwa bado nahangaika nisimame wapi.

Kijana wa Itigi nilimwelekeza kwenye Honeyland ya mwaka 2019, na wewe unayetaka kufanya kazi ya peke yako kijijini itafute. Waongozaji ni wawili, Tamara Kotevska na Ljubomir Stefanov, na mhusika ni mwanamke mrina asali katika kijiji kisicho na umeme huko Makedonia Kaskazini. Walipiga kwa miaka mitatu, wakapata zaidi ya saa 400 za picha, wakazishusha mpaka kama saa moja na nusu. Ndiyo dokumentari ya kwanza kuteuliwa Oscar kwenye vipengele viwili kwa pamoja, cha dokumentari na cha filamu ya kimataifa. Hawakuwa na taa za studio. Ndani ya nyumba utaona mwanga ule ule wa dirishani na wa moto ambao hata bibi yako anao.

Mambo mawili nimeyachota humo. Mwanamke yule alikuwa akizungumza Kituruki cha kwao ambacho waongozaji hawakukielewa, kwa hiyo walianza kupanga filamu kwa picha peke yake, bila kutegemea maneno. Zima sauti, unaona? Nami nikafanya vivyo hivyo. Mama wa Mpunguzi na jirani zake wanaongea Kigogo, na kaka anayeniedit ni Msukuma wa Shinyanga. Nikamwambia apange kwanza bila kutafsiriwa neno lolote. Pale aliposhindwa kuelewa kinachoendelea, nilijua picha yangu haijasema, nikarudi shamba.

La pili ni namna wanavyopanda jambo mapema. Mwanzoni mwanamke yule anavuna asali nusu, nusu anawaachia nyuki, na anasema hivyo. Kinaonekana kitu kidogo. Baadaye wanahamia majirani wenye tamaa, na kwa kuwa ulishaona ile nusu, huhitaji mtu akueleze kinachokuja kuharibika. Nililiandika hilo kwa wino mwekundu. Kwenye filamu yangu, mapema kabisa, mama anapima ndoo za zabibu nyumbani kwa mizani yake ya kuning'iniza, anasoma namba kwa sauti, mwanawe anaandika. Muda unapita. Siku ya mauzo mnunuzi anapima zabibu zile zile kwa mizani yake, anataja namba, na kamera iko usoni kwa mama. Hakuna aliyesema neno kuhusu kuibiwa. Tulipoionyesha, ukumbi mzima uliguna kwa pamoja.

Sasa kuna lililo baya pia la kujifunza, na hapa nataka mnisikilize. Mwaka 1922 Robert Flaherty alitoa Nanook of the North kuhusu watu wa Inuit kule Kanada, na wengi wanaihesabu kuwa ndiyo dokumentari ndefu ya kwanza kutamba. Ile nyumba ya barafu tunayoona familia imelala ndani yake ilijengwa nusu tu, upande mmoja wazi, kwa sababu kamera ilihitaji mwanga. Hata jina Nanook si la mhusika, yeye aliitwa Allakariallak. Na aliwindishwa kwa chusa wakati watu wa kwao walishakuwa na bunduki. Ndiyo maana kwenye kauntabuku yangu kuna swali ninaloliuliza kwa kila picha: kamera ilisimama wapi, na nani aliombwa asogee ili isimame hapo?

Nauliza kwa sababu nimeyaona huku kwetu. Anakuja mtu kupiga filamu ya Wagogo, anamkuta mzee amevaa fulana yake na simu yake mfukoni, anamwomba avue, ajifunge shuka, ashike fimbo, ajifanye anachunga. Mzee anakubali kwa ustaarabu, maana mgeni hakataliwi. Ndugu zangu, msifanye hivyo. Tafuteni dokumentari, jifunzeni engo, jifunzeni mwanga, ibeni kila mbinu, lakini tabia hiyo iacheni huko huko ilikotoka. Mtu aliyekufungulia mlango wake anastahili kuonekana kama alivyo.

Nyongeza chache za hapa kwetu, maana filamu za nje hazitakuambia. Jua la Dodoma mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linakaa utosini kabisa saa sita mchana, na mtu aliyevaa kofia macho yake yanageuka mashimo meusi. Mimi napiga nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, tena kuanzia saa kumi jioni. Katikati naingia ndani, namkalisha mtu karibu na mlango ulio wazi, mwanga unakuja wenyewe. Kiangazi kuna upepo, na mnaujua upepo wetu. Maiki isiyovalishwa kifuniko cha manyoya itakuletea ngurumo tupu, na hapo ndipo utakumbuka kwa nini nilisema akiba yako isiende kwenye kamera. Kibali cha Bodi ya Filamu ni cha lazima, na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji uwaone kabla hujatoa kamera kwenye begi. Habari za kuedit siwachoshi nazo leo.

Tuliionyesha kwanza Mpunguzi, kwa projekta ya kukodi na shuka jeupe, baadaye kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Mama alikaa mbele na wajukuu. Ilipofika ile sehemu ya mizani alimshika mkono jirani yake, hakuuachia mpaka mwisho. Taasisi ile iliyonifungia faili ilinitumia barua pepe ikiomba nakala ya kuwaonyesha wakulima. Nimewatumia. Sikuongeza neno.

Kwa hiyo nikisikia kijana wa Singida au Kondoa anasema anasubiri kupata vifaa, au anasubiri kuhamia Dar, nasikitika. Unasubiri nini? Filamu nzuri zipo, bando la usiku ni nafuu, kauntabuku unaipata duka lolote. Kisilu Musya ni mkulima wa Ukambani, Kenya, mahali pakavu kama pa kwetu. Alipewa kamera ajipige mwenyewe na familia yake, na kazi yake ndiyo moyo wa Thank You for the Rain ya mwaka 2017 aliyoiongoza Julia Dahr. Nilimwachia binti wa yule mama simu yangu ya zamani kwa kuiga hilo. Picha za usiku zilizomo kwenye filamu yangu, familia ikipiga hesabu ya mbolea kwa mwanga wa tochi, ni zake, na jina lake liko mwishoni sambamba na langu.

Kwa sasa nimeanza kauntabuku mpya. Nataka kuwapiga kina mama wa Chamwino wanaopiga muheme, ngoma ya Wagogo, wale wanaobana ngoma mapajani na kucheza nayo. Tatizo langu ni kwamba filamu nyingi za ngoma ninazozifungua zimepigwa na kamera tatu au nne, na mimi nina moja. Nikisimama karibu na mikono napoteza miguu, nikirudi nyuma napoteza nyuso, na wimbo hausubiri. Kama kuna dokumentari ya muziki unayoijua iliyopigwa na kamera moja tu na bado ukamwona kila mpigaji, niandikie jina lake hapo chini. Nitaitazama bila sauti kwanza.