Anayemtoa mtoto uwanjani si kocha: tumwiteje?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Naishi Lexington, Kentucky, na natafsiri barua za shule kwa wazazi wanaosema Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo. Nimepewa barua na hojaji ya watafiti wanaochunguza huduma za afya kwa wanafunzi wanaocheza katika timu za shule. Karibu kila aya inamtaja "athletic trainer". Mimi niliandika "kocha wa mazoezi". Mwenzangu akalifuta, akaweka "mkufunzi wa riadha". Mama mmoja tuliyempa barua aisome kwanza akauliza: "Kocha anataka nini na goti la mtoto wangu? Munganga yuko wapi?" Nani kati yetu yuko sahihi? Na maneno mengine ya humo, kama ya kuumia na ya kichwa, unashaurije?

JIBU: Aliye sahihi ni yule mama. Ameona kilichowapita nyote wawili: kazi inayoelezwa ni ya tiba, jina lililoandikwa ni la mazoezi.

Tuanze na lako. Kocha wa mazoezi yupo, na wasomaji wa kurasa za michezo wanamjua. Ndiye anayewakimbiza wachezaji kabla ya msimu na kupanga nani anyanyue uzito gani. Wengi humwita kocha wa viungo. Marekani pia yupo, na si huyu anayetajwa kwenye barua yako. Umechukua jina halali la mtu mwingine ukampa huyu.

La mwenzako lina kasoro mbili. Mtangazaji wa Nairobi akisema "mkufunzi wa Harambee Stars", anamaanisha kocha. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, mkufunzi ni mtu wa chuoni, hasa chuo cha ualimu, na kocha wa mpira huitwa kocha tu, au mwalimu kwa heshima. Maana zote mbili hazimfikishi mzazi kwenye goti la mtoto. Halafu kuna "riadha". Kwa Waarabu riyadha ni michezo kwa jumla, lakini sisi tumelibana neno hilo hadi kwenye kukimbia, kuruka na kutupa. Ndiyo maana Riadha Tanzania inashughulika na wakimbiaji akina Alphonce Simbu, haishughuliki na Simba wala Yanga. Mzazi ambaye binti yake anacheza mpira wa wavu akikutana na "mkufunzi wa riadha" ataiweka barua pembeni akidhani imekosea njia.

Kabla ya kumpa mtu jina, tumtazame kazini. Kabla ya mazoezi kuanza, wachezaji wanapanga foleni mbele ya meza yake, naye anawafunga vifundo vya miguu kwa plasta ngumu, mmoja baada ya mwingine. Anapima joto na unyevunyevu wa hewa, na siku ikiwa mbaya anasema mazoezi yapunguzwe. Mchezo ukianza anasimama pembeni mwa uwanja. Mtoto akianguka, yeye ndiye anayeingia mbio, anapiga magoti, anamuuliza anaumwa wapi, anaukunja mguu taratibu na kuamua: anaendelea, anatoka, au gari la wagonjwa liitwe. Wiki zinazofuata ndiye anayemrudisha mchezoni hatua kwa hatua. Anafanya yote hayo akishirikiana na daktari na kwa maelekezo yake.

Kazi hii ina chama chake cha kitaifa, kilichoanzishwa Kansas City mwaka 1950. Mwaka 1990 chama cha madaktari wa Marekani kiliitambua rasmi kuwa miongoni mwa fani za afya. Siku hizi anayetaka kuingia husomea shahada ya uzamili, kisha hufanya mtihani wa taifa, na karibu kila jimbo lina sheria inayosimamia kazi yake. California ndiyo iliyokaa nje ya utaratibu huo kwa miaka mingi. Mtu aliyepita njia hiyo yote ukimwita kocha, umemvua koti la kitabibu ukamvalisha filimbi.

Nina kipimo ninachopenda kutumia kwa majina ya kazi: liweke jina kwenye tukio linalojulikana, uone kama sentensi inasimama. Tarehe 2 Januari 2023, huko Cincinnati, mchezaji wa Buffalo Bills, Damar Hamlin, alianguka baada ya kugongana na mpinzani, moyo wake ukasimama. Aliyeanza kumkandamiza kifua palepale kwenye nyasi ni Denny Kellington, mtu wa fani hii hasa. Sasa andika: "Kocha wa mazoezi alimkandamiza kifua Hamlin." Msomaji atadhani kocha alibahatika kuwa karibu, kama mpita njia mwenye moyo mwema. Andika "mkufunzi wa riadha" na atauliza riadha imeingiaje kwenye futiboli ya Kimarekani. Kellington hakubahatika kuwa pale. Aliajiriwa kwa ajili ya dakika kama ile.

Lipo jambo zito zaidi, na kwa watafiti wako huenda ndilo kiini cha hojaji nzima: kocha na huyu mtu wanaweza kuvutana. Kocha anataka mchezaji wake bora arudi dakika ya themanini. Huyu anasema harudi. Mwaka 2009 jimbo la Washington lilipitisha sheria yenye jina la Zackery Lystedt, kijana aliyeumia vibaya ubongo mwaka 2006, akiwa na miaka 13, baada ya kugonga kichwa na kurudishwa mchezoni siku hiyohiyo. Sheria inasema mtoto anayeshukiwa kuumia ubongo atolewe, na asirudi mpaka mtoa huduma za afya mwenye leseni aandike kwamba amepona. Kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hiyo. Kwenye michezo ya vyuo vikuu nako, makundi makubwa ya vyuo ndani ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, yalikubaliana mwaka 2016 kwamba uamuzi wa kitabibu uwe mikononi mwa wahudumu wa afya, kocha asiuingilie.

Sasa fikiria hojaji inamuuliza mzazi: "Je, unaamini kocha wa mazoezi anaweza kumzuia kocha asimrudishe mtoto wako mchezoni?" Kocha amzuie kocha? Mzazi atajibu chochote ili amalize ukurasa, na watafiti watakichukua kuwa takwimu.

Basi tumwite nani? Daktari wa timu hapana, kwa sababu daktari wa timu yupo na ni mwingine. Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, ni jirani wa karibu, ila ni fani yenye shule na leseni yake. Na mzazi wa Kikongo huyo anamwita kine, kwa mazoea ya Kifaransa, na anamjua kuwa ni mtu wa hospitali. Mchua misuli, jina linalopendwa kwenye mpira wa Tanzania, linataja mikono tu na kuacha kichwa nje. Tabibu ni neno zuri na lingenitosha kama Tanzania isingekuwa imeshampa mtu mwingine kwenye zahanati. Muuguzi vilevile lina mwenyewe. Mganga ndilo lenye vituko. Kwa mama yule, munganga ni daktari wa kawaida kabisa, na Tanzania tuna Mganga Mkuu wa Mkoa anayetia saini barua za serikali. Lakini mzazi aliyekulia karibu na mabango ya barabarani akisoma "mganga wa timu" atafikiria mtu wa kufukia vitu golini.

Mimi ningeandika *mtaalamu wa afya ya wanamichezo*. Ni refu, nakubali. Pia lina mwanya: mtu wa lishe naye anaweza kudai ni lake. Mwanya huo uuzibe mara ya kwanza unapolitaja, kwa sentensi moja ya aina hii: "Mtaalamu wa afya ya wanamichezo ni mhudumu wa afya aliyesomea kuwakinga wachezaji wasiumie, kuwapa huduma ya kwanza, kuwatibu na kuwarudisha mchezoni, akishirikiana na daktari. Yeye si kocha." Maneno matatu hayo ya mwisho usiyaone haya. Baada ya hapo fupisha: "mtaalamu wa afya wa timu".

Angalia nilivyobadilisha kiunganifu, maana hapo wengi huteleza. "Mtaalamu wa afya *ya* wanamichezo": ya inafuata afya, kwa hiyo tunataja anachoshughulikia. "Mtaalamu wa afya *wa* timu": wa inarudi kwa mtaalamu, kwa hiyo tunataja mahali alipo. Ukiandika "mtaalamu wa afya ya timu", timu yenyewe ndiyo inayoumwa, na kwa timu zingine tunazozishabikia hilo lisingekuwa uongo.

Sasa maneno mengine. La kuumia ndilo lenye hatari kubwa. Waandishi wa michezo wametuzoesha "majeruhi": fulani anasumbuliwa na majeruhi, fulani ana majeruhi ya nyonga. Majeruhi ni mtu aliyejeruhiwa. Anayesumbuliwa na majeruhi ni muuguzi wa zamu. Najua vita hii ninaelekea kushindwa redioni, ila kwenye hojaji ya kitafiti sitaki majeruhi. Hata "jeraha", ambalo ni sahihi, halitoshi, kwa kuwa wazazi wengi jeraha kwao ni pale ngozi inapochanika na damu kutoka. Mtoto aliyeteguka kifundo akachechemea siku kumi hana jeraha, na mzazi atajibu "hapana" kwa moyo mweupe. Tumia kitenzi: "Je, mtoto wako amewahi kuumia, kwa mfano kuteguka, kuvunjika au kuchanika msuli, akakosa mazoezi au mchezo?" Lakini waulize watafiti kwanza kama kukosa mazoezi ni sehemu ya maana yao. Tafiti nyingi huhesabu tukio pale tu mchezaji anapokosa siku. Nyingine huhesabu kila alipohitaji kutazamwa. Kiswahili kinaweza kusema yote mawili, ila wewe huwezi kuwachagulia.

Kwa kichwa, liache "mshtuko wa ubongo". Mshtuko umeshabeba mengi: habari za msiba, umeme, na mshtuko wa moyo. *Mtikisiko wa ubongo* linaeleza kinachotokea, na mtu hahitaji kamusi. Ongeza "hata kama hakuzimia", kwa kuwa mara nyingi mtoto hazimii. Anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu au kichefuchefu, anauliza swali lilelile mara mbili.

Na kama humo kuna hatari ya joto kali, nakuomba usiandike "kiharusi cha joto". Hiyo ni tafsiri ya kufuata maneno. Kiharusi kila familia inakijua: babu kapooza upande mmoja, mdomo umekwenda kando. Hali inayosemwa hapa ni joto la mwili kupanda kupita nyuzi 40 na akili kuanza kuvurugika, na dawa yake ya kwanza ni kumzamisha mtu kwenye maji ya barafu palepale, kabla hata ya kumpeleka hospitali. Jordan McNair, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa mazoezini tarehe 29 Mei 2018, hakuwekwa kwenye maji ya baridi, akafariki tarehe 13 Juni akiwa na miaka 19. Chuo kilikiri kwamba wahudumu wake walikosea. Andika "kuzidiwa na joto", kisha eleza dalili. Mzazi anayesoma "kiharusi" atatazama kama mdomo umepinda, na dakika zitapita.

Mtego mwingine mdogo. Utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya shule za sekondari za umma nchini Marekani zilikuwa na huduma ya wataalamu hawa, lakini ni asilimia 37 tu zilizokuwa na wa kudumu, siku nzima. Barua yako ikisema shule "inapata huduma", mzazi ataelewa kwamba mtu yupo kila siku. Kama anakuja siku za mechi tu, sema hivyo hivyo: "anafika siku za mechi".

La mwisho ni hao watoto wenyewe, "mwanafunzi-mwanamichezo", wenye kistari. Kiswahili hakihitaji kistari hicho. "Wanafunzi wanamichezo" inatosha, au kwa urahisi zaidi "wanafunzi wanaocheza katika timu za shule". Jina la Kiingereza lenyewe, "student-athlete", lina historia isiyopendeza. Mwaka 1955 mchezaji wa chuo kimoja cha Colorado, Ray Dennison, alifariki baada ya kugongwa kichwani uwanjani, na mjane wake akadai fidia kama ya mfanyakazi. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ilimnyima. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA kwa miongo kadhaa, alieleza baadaye kwamba jina hilo walilibuni wao, wakiogopa wachezaji wasije wakahesabiwa kuwa waajiriwa. Watoto wa sekondari hawamo kwenye kesi hiyo, kwa hiyo huna sababu ya kulibeba lilivyo, kistari na yote. Kwenye hojaji ya wazazi mimi ningeandika tu "mtoto wako".