Machozi si ya mamba, ila msamaha una walakini

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: "Mwindaji anayemlilia mnyama wa porini, je, ni huzuni ya kweli au machozi ya mamba? Na kama ni huzuni ya kweli, mbona haachi kuwinda?" Nililisoma, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Mimi ni mwindaji mwenye leseni, nimezeeka nayo, na mwaka huu nimemlilia pongo, yule jamii ya swala wa vichakani. Naona nimeulizwa mimi kwa jina.

Jibu fupi: si ya mamba. Anayedhani mwindaji hana uchungu na mnyama hajawahi kukaa na wawindaji. Mtu anayelala kwenye umande akimsubiri mnyama mmoja, anayejua anakunywa wapi na jua likiwa kali anajificha upande gani wa kichaka, huyo anamjua mnyama kuliko anayempenda pichani. Halafu anayenunua nyama iliyokwisha kukatwakatwa, asiyejua hata mnyama mwenyewe alikuwa na rangi gani, ndiye wa kuniita mimi katili. Haya, tuyaache, nikianza hilo nitamaliza ukurasa wote. Ninachotaka kuwaeleza ni habari ya huyo pongo.

Alikuwa dume, tena mzee. Pongo dume rangi yake hukoza kadiri umri unavyokwenda, na huyu mgongoni alishakuwa karibu mweusi. Pembe zake za kusokotwa zilikuwa zimelika ncha, na sikio la kushoto lilikuwa limechanika, sijui kwa mwiba au kwa ugomvi. Pongo hatembei na kundi wala hahamahami. Akipata kichaka chenye maji jirani anaweza kumaliza umri wake katika eneo dogo tu. Kichaka cha huyu kilikuwa korongoni, nyuma ya nyumba yetu, ndiyo maana uwanja wetu aliuhesabu kuwa wake.

Alikuwa akija jua likizama. Kwanza husimama pembezoni mwa miti, mguu mmoja wa mbele ameuinua na haushushi, masikio yanazunguka kila moja upande wake. Akiridhika ndipo huingia. Huokota mapera yaliyoanguka, kisha huhamia kwenye maharage ya mama watoto, akichuma majani ya juu yaliyo laini, yaliyokomaa anayaruka. Mama watoto alikuwa akimfokea kutoka ndani, dirisha likiwa limefungwa, yaani fokea ya kutotaka kusikika. Mbwa wa jirani wakibweka, naye hubweka. Ndiyo, pongo hubweka, na mgeni anaweza kuapa kwamba ni mbwa. Kisha hunyanyua mkia, weupe wa chini unaonekana, na hayupo tena.

Jioni moja mama watoto akaniuliza, "Huyu si ndiye mnayemfuata huko hadi mnarudi na matope magotini?"

Nikasema ndiye.

"Basi mbona umekaa?"

Nikamwambia sheria hairuhusu kufyatua risasi kwenye makazi ya watu. Ni kweli, hairuhusu. Lakini alfajiri alikuwa korongoni, mbali na nyumba ya mtu yeyote, na nilikijua hadi kichaka anacholala. Leseni yangu ilikuwa na pongo dume. Mama watoto hakunijibu, akaendelea kukunja nguo.

Wawindaji wenzangu wataelewa kwa nini swali lile lilinichoma. Tunafundishana hivi: mwache jike, mwache dume kijana ambaye bado ana mbegu ya kuacha porini, mtafute dume mzee aliyekwisha kuzalisha, maana kumwondoa huyo hakupunguzi kitu. Mimi mwenyewe nimewafundisha vijana kanuni hiyo, na kwa ukali. Sasa kwa kanuni hiyo, aliyestahili risasi kuliko wote waliokuwa korongoni ni huyo aliyekuwa akila maharage yetu.

Kiangazi kilipokaza nikakiona kinyesi chake. Kinyesi cha pongo mwenye afya ni vidonge vidogo, ukikivunja ndani kimesagika vizuri. Cha huyu kilikuwa na nyuzi ndefu za majani na vipande vya vijiti ambavyo ungeweza kuvitambua ni vya mti gani. Sikuhitaji kuambiwa. Magego yamekwisha. Mnyama anayecheua huishi kwa magego. Yakilika hadi kwenye ufizi, anakula kutwa nzima na chakula kinapita bila kumfaa. Mama watoto akataka kumwekea pumba. Nikamkataza, kwa sababu tumbo lililozoea majani likipokea nafaka nyingi kwa ghafla huchachuka, na asidi hiyo huweza kumuua kabla ya njaa. Tukamwachia maharage yote, na sasa hakuna aliyemfokea.

Nyonga zikatokeza. Manyoya yakasimama, hayalali tena. Na ule mguu wa mbele akaacha kuuinua. Alikuwa akifika pembezoni mwa miti anaingia tu, kama mbuzi anayerudi zizini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mbavu zake, kwamba hata woga wake umemchoka.

Tukamkuta asubuhi chini ya mpera. Nikapiga magoti nikamfungua mdomo, kwa mazoea ya kazi. Magego ya chini yalikuwa bapa kabisa, moja limebaki vigutu viwili vya mizizi, na shavuni kulikuwa na donge la majani yasiyotafunika. Hapo ndipo nilipolia. Mama watoto aliniona, akaingia ndani.

Mzoga wa mnyamapori si mali ya mwenye uwanja, mnajua, kwa hiyo nikatoa taarifa. Akaja askari wa wanyamapori, kijana mdogo tu. Akatazama mdomo, akatazama mbavu, akaandika alichokuwa akiandika. Kisha akasema, "Mzee, shikamoo yako bado iko palepale, lakini wewe si una bunduki?"

Hakusema kwa ubaya. Ila swali lake ni gumu kuliko lenu.

Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda kuwinda dubu Mississippi. Wenzake wakamkamata dubu, wakamjeruhi, wakamfunga mtini ili rais apate wa kumpiga. Akakataa, akaona si uungwana. Mchora vibonzo akaitoa habari hiyo gazetini, na hadi leo watoto wanalala na midoli ya dubu yenye jina lake la utani, Teddy. Kinachosahaulika ni kwamba dubu yule hakuachiwa aende: Roosevelt aliagiza amaliziwe kwa kisu asiendelee kuteseka. Mtu huyohuyo mwaka 1909 alikuja Afrika Mashariki, na katika safari ile yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500, kwa hiyo simtaji kama walii. Lakini kwa dubu yule mmoja, alikataa raha ya kupiga bila kuikataa kazi ya kummalizia. Mimi kwa pongo wangu nilikataa vyote viwili, na watu wote nyumbani tukakubaliana kuiita hiyo huruma.

Sisemi kwamba ningempiga. Wanyama wenye magego yaliyokwisha hufa hivyo porini kila kiangazi bila kumsubiri mtu mwenye leseni, na huenda zile jioni za mwisho alizifurahia, siwezi kumsemea. Ninachosema ni kwamba nilianza kuandika nikiwa na hasira na hilo neno mamba, na sasa naona mwenye kuuliza ana nusu ya haki. Nusu tu, na naomba mhariri asiikate nyingine. Unafiki kama upo, msiutafute kwenye machozi. Upo kule nyuma, kwenye kuchagua: huyu ana sikio lililochanika na anakula maharage yangu, basi nimsamehe, yule wa ng'ambo ya mto sijawahi kumwona, basi nimfuate. Na yule wa ng'ambo naye ana masikio yake.

Mmeuliza mbona haachi. Siachi. Msimu ukifunguliwa nitakwenda, nitamtafuta dume mzee, na nikimpata pazuri nitampiga. Isipokuwa akiwa ni wa uwanjani. Wa uwanjani sitampiga hata magego yakiisha, na sababu ya kusimama nayo mbele ya watu sina. Labda safari hiyo nitampigia simu mapema yule kijana wa wanyamapori, aje yeye.