Kuchemsha maji ya kisima karibu na marudio

Ndugu uliyeuliza kama kuchemsha maji ya kisima kilicho jirani na marudio (mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu) huko Geita kunaondoa aseniki, aina ya sumu: hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Maji yanapungua kwa mvuke, aseniki inabaki yote sufuriani, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa na sumu zaidi. Klorini nayo haiitoi.

Aseniki inatoka kwenye mwamba wenyewe. Dhahabu nyingi ya kanda ya ziwa imekaa pamoja na madini yenye chuma, salfa na aseniki. Karasha (mashine ya kusaga mawe) likishasaga jiwe, unga ukikutana na hewa na mvua, aseniki inaachia na kushuka kisimani. Maji yanaweza kuwa meupe, matamu, bila harufu, na bado yakawa mabaya. Usipime kwa macho.

Pampu maji dakika tano, suuza chupa mpya ya plastiki mara tatu kwa maji hayohayo, jaza, peleka maabara ya maji na utaje aseniki kwa jina, maana kipimo cha kawaida mara nyingi hakiigusi. Kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita. Ikizidi, usinywe wala kupikia, hasa wali na ugali, vinavyonyonya maji yote. Kufua ni sawa. Ya kunywa, kinga maji ya mvua, ila mwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi la bati.

Mchicha na viazi vilivyolimwa karibu na marudio vina hatari kuliko punje za mahindi: osha sana, menya maganda. Bustani isimwagiliwe maji ya mwaloni, panapooshewa dhahabu, kamwe.