Simulizi za babu kuhusu kambi ya Kongwa

Ndugu, umeuliza utahifadhi vipi simulizi za babu yako kuhusu wapigania uhuru waliofunzwa Kongwa, mkoani Dodoma, tangu miaka ya 1960. Usingoje mfadhili, wazee wanaondoka. Mrekodi kwa simu wiki hii hii. Akisimulia kwa Kigogo mwache, usimkatize akutafsirie.

Siasa iache kwanza. Muulize kwata ilisikikaje alfajiri, vijana wa FRELIMO (Msumbiji), ANC (Afrika Kusini) na SWAPO (Namibia) walinunua nini sokoni, nani walioa pale. Na bibi naye, tafadhali! Huenda ndiye aliyewauzia maziwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kisha nenda na babu hadi makaburi ya wapigania uhuru, aonyeshe kwa mkono wake. Nakala moja itunzeni shuleni kijijini, nyingine ipeleke Makumbusho ya Taifa, kwa ridhaa yake.