Twende Santorini au Naxos?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na rafiki yangu tunafanya kazi Mtumba na tumedunduliza hela twende Ugiriki mwezi Agosti. Yeye kang'ang'ania kisiwa cha Santorini, mimi nataka pa utulivu. Tufanyeje?
Msomaji, Ilazo, Dodoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Santorini mwezi Agosti watu ni kama siafu, na bei zake mtashika vichwa. Nendeni kisiwa cha Naxos, kwa meli kutoka bandari ya Piraeus, karibu na Athens. Mkikaribia gati mtaiona Portara, lango la marumaru la hekalu lililoanzwa karne ya 6 kabla ya Kristo likaachwa bila kumalizwa. Limesimama peke yake, juani, bahari ikionekana katikati yake.

Mlima Zas wa hapo Naxos una mita 1,000 hivi. Upandeni alfajiri, nyie wa majabali ya Dodoma hauwashindi. Viazi vya kule vinasifika Ugiriki nzima (chipsi mayai sahauni). Ila upepo wa kiangazi, meltemi, huzuia hata meli, kwa hiyo rudini Athens siku moja kabla ya ndege.

Viza ya Schengen (ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo) huanza kuombwa miezi 6 kabla ya safari. Anzeni sasa. Rafiki akinuna, boti za Santorini zipo. Mpeleke siku moja tu.